Inchi Nne za Sifa: Anza na Tairi, Kaka, Lifti Baadaye

Haya wadau, leo naweka kando habari za lekcha, bumu na foleni ya kafeteria. Leo nina ugomvi. Nagombana na wote wanaoingia gereji na sentensi moja tu mdomoni: "Fundi, nipandishie inchi nne." Ukiwauliza inchi nne za nini, wanasema za kuvalisha tairi kubwa. Ukiwauliza tairi saizi gani, wanasema yoyote ilimradi kubwa. Ukiwauliza wanakwenda njia gani, kimya!

Mmoja wao ni binamu yangu, ndiyo maana siwezi kunyamaza. Ana Prado, ile ya umbo lililotoka kati ya 1996 na 2002, anabeba watu na mizigo kutoka Ifakara kwenda Lupiro na Malinyi, na siku nyingine anapanda Mahenge. Masika ikikolea, tope la kule halina utani. Sasa mpunga umeuzwa, fedha ya familia ipo mkononi, na ameshaahidiwa lifti ya inchi 4 na tairi za inchi 35. (Lifti ya mafundi hii, siyo ile ya kuomba barabarani.) Nilipompigia simu kumuuliza maswali mawili matatu akanijibu: "Mdogo wangu, wewe ni mwalimu wa chaki, mambo ya spana tuachie wenyewe." Sawa kaka. Basi leo chaki inaongea, na hesabu ni za fizikia na za kujumlisha na kugawanya tu.

Msimamo wangu ni huu: kinachochaguliwa kwanza ni tairi, na tairi inachaguliwa kwa kuangalia njia na mzigo. Baada ya hapo gari linainuliwa kwa kiasi kile tu ambacho tairi hiyo inadai. Anayeanza na lifti halafu ndiyo anatafuta tairi ya kujaza uwazi, huyo amenunua sifa, na bili yake italipwa na abiria.

Tuanze na uongo mkubwa kuliko wote, kwamba ukiinua gari unainua kila kitu. Hebu piga magoti uchungulie chini ya Prado, upande wa nyuma. Kuna ekseli nzima imelala kutoka tairi hadi tairi, na katikati lile bonge la difu. Ekseli inakaa juu ya tairi, na springi inakaa juu ya ekseli. Ukiweka springi ndefu, kinachopanda ni kile kilicho juu ya springi: chesisi, bodi, viti na watu. Difu haijasogea hata milimita! Jiwe lililokuwa linaigonga jana litaigonga na leo, tofauti ni kwamba utaligonga ukiwa umekaa juu zaidi. Kwenye Land Cruiser zenye ekseli nzima mbele na nyuma ni hivyo hivyo kwa difu zote mbili. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, na inainua nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka, maana nusu nyingine inakwenda juu ya ekseli.

Uongo wa pili ni mtamu zaidi: "Lifti inatoa nafasi ya tairi." Gari likisimama gereji, kweli nafasi inaonekana, hata mkono unapita. Lakini tairi haikwaruzi madigadi gari likiwa limesimama. Inakwaruza ukiwa umejaza abiria, gurudumu moja limepanda kichuguu, springi imebonyea mpaka mwisho na usukani umekata kona. Springi ikishabonyea mpaka kwenye ile mipira ya kuzuia mgongano, zile inchi nne zote zimeyeyuka. Ekseli imefika palepale ilipokuwa inafika kabla ya lifti, ila safari hii imebeba tairi kubwa. Kama mipira hiyo haikurefushwa wala madigadi haikukatwa, tairi itakula plastiki, kisha itakula bati. Ni mafundi wangapi wanamwambia mteja hilo kabla ya kupokea chao?

Sasa bili yenyewe. Mbele Prado haina ekseli nzima, kila gurudumu linacheza peke yake, na difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi. Nakubali kabisa kwamba hapo lifti inaipandisha difu ya mbele. Lakini angalia shafti zinazotoka kwenye difu kwenda magurudumuni. Difu imepanda, gurudumu limebaki chini, shafti zimeinama kama mabega ya mtu aliyebeba ndoo mbili. Jointi zinazunguka zikiwa zimepinda muda wote. Mpira unaofunika grisi unajikunja, unachanika, tope linaingia, jointi inakwisha. Tena inakwisha porini, kwa sababu porini ndiko inakofanya kazi nzito.

Halafu kuna jambo ambalo karibu hakuna anayelisema. Gurudumu lina safari yake ya kwenda juu na kushuka chini, na safari hiyo ina mwisho. Ukiinua gari kwa springi au kwa vipande vya chuma bila kubadilisha shokapu na mikono ya mbele, hujaongeza safari, umekopa tu ile ya kwenda chini. Gurudumu linakaa karibu na mwisho wake muda wote. Likikuta shimo halina pa kushukia, linabaki linaning'inia hewani na kuzunguka bure huku mwenzake akifukia tope. Gari refu kama twiga, limekwama mahali ambapo Prado ya kawaida yenye tairi nzuri ingepita!

Wenye Land Cruiser msicheke. Zile zenye springi za koili mbele, ukiziinua sana ekseli ya mbele inajizungusha kidogo, na ule mwegemeo unaoufanya usukani urudi katikati wenyewe unapungua. Dereva anaanza kusema gari "linatafuta njia" kwenye lami. Bila kurekebisha mwegemeo huo kwa bushi au vipande maalumu, ni mwendo wa kuvutana na usukani mpaka nyumbani. Ongeza mipira ya breki inayovutika kwa sababu ni mifupi, na propela inayotetemeka kwa sababu pembe yake imebadilika. Hizi ni kazi zinazotakiwa kuwa ndani ya bei ya lifti. Asiyeziweka amekupa nusu ya lifti kwa bei ya nzima.

Twende kwenye tairi sasa, tufanye hesabu. Prado ya binamu inavaa 265/70R16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni rimu kwa inchi. Ukikokotoa unapata kipenyo cha kama milimita 777. Sasa tuzilinganishe:

265/75R16 ni kama milimita 804. Difu inapanda sentimita 1.3.
285/75R16 ni kama milimita 834. Difu inapanda sentimita 2.8.
315/75R16, ile wanayoiita ya inchi 35, ni kama milimita 879. Difu inapanda sentimita 5.

Sentimita 5 si haba, sikatai. Lakini kipenyo kimeongezeka kwa asilimia 13. Kama kipima mwendo kilikuwa sahihi, kikikuonyesha 80 wewe uko 90. Gia zote zimekuwa nzito kwa asilimia hizo hizo, hivyo injini inahema kupanda Mahenge, na ukishuka kwa gia ndogo injini inakushikilia kidogo kuliko zamani. Breki nazo, ili zisimamishe gari kama mwanzo, zinatakiwa kukaba kwa nguvu zaidi kwa asilimia hizo hizo, kwa sababu mkono wa nguvu kutoka barabarani hadi katikati ya gurudumu umerefuka. Ni ile kanuni ya wenzo tuliyoisoma wote sekondari. Breki ni zilezile. Mteremko ni uleule. Watu ndani ni walewale.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Chukua gari la mfano, upana kati ya tairi na tairi mita 1.5, kitovu cha uzito sentimita 70 kutoka ardhini. Kwenye karatasi gari hilo linaweza kulala ubavu mpaka nyuzi kama 47 kabla ya kupinduka. Pandisha kitovu sentimita 10, zinabaki 43. Ongeza sentimita 5 za tairi, zinabaki 41. Hiyo ni karatasi tu, gari limesimama, springi hazijalala, hakuna kona wala mwendo. Sasa weka magunia kwenye keria, mama na mtoto kiti cha nyuma, utelezi, na ukingo wa barabara uliomomonyoka. Nyuzi sita hizo zilikuwa za nani? Zilikuwa za abiria, wamenyang'anywa bila kuulizwa, ili gari lipendeze likipita stendi.

Najua mtasema, mbona wapo wanaoinua magari na wanafika? Wapo, na ninawaheshimu. Lifti ina faida yake: tumbo la gari halikwami kwenye tuta la katikati, bampa haichimbi ukishuka korongo, na springi nzuri zinabeba mzigo bila gari kukaa chini nyuma kama mbwa. Lakini waangalieni hao wanaojua. ARB ya Australia, kampuni iliyoanza mwaka 1975 na inayoishi kwa biashara hii, springi zake za Old Man Emu kwa magari kama haya kwa kawaida zinapandisha kama inchi 2 tu, tena unachagua springi kulingana na mzigo unaobeba kila siku. Na zile Mkonga zetu, ambazo zimetembea kila kona ya nchi hii, nyingi zimevaa 7.50R16, tairi nyembamba yenye kipenyo cha kama sentimita 80. Nyembamba, siyo pana! Inakata tope laini na kutafuta ardhi ngumu chini yake, wakati pana sana inaweza kuelea na kuteleza.

Kwa hiyo kaka, na wengine wenye fedha ya mpunga mkononi, fuateni mpangilio huu. Kwanza, tairi mpya zenye kashata za kutosha katika saizi uliyonayo au hatua moja juu, yaani 265/75R16. Nunua na pampu ya upepo. Ukiingia kwenye tope au mchanga punguza upepo, tairi ishike ardhi kwa urefu zaidi, na ukirudi kwenye njia ngumu jaza tena. Pili, pima mwenyewe. Pandisha gurudumu moja la mbele kwenye jiwe au kwa jeki mpaka springi ya upande huo ibonyee, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, uone tairi inagusa wapi. Tatu, kama inagusa, au gari likipakia linalala, weka springi na shokapu zinazolingana na mzigo wako, zisizidi inchi 2, na upime upya mwelekeo wa magurudumu. Nne, magunia yashuke kutoka kwenye keria. Kitakachobaki kwenye fedha ni breki. Na kikibaki tena, kuna ada za watoto.

Mafundi wazuri wapo, na fundi mzuri utamjua kwa swali lake la kwanza. Atakuuliza unabeba nini na unakwenda wapi. Anayekuuliza kwanza unataka inchi ngapi, huyo anauza urefu. Kabla hujampa hata shilingi muulize: tairi saizi gani, springi ikibonyea mpaka mwisho itagusa wapi, na breki tunazifanyaje? Akishindwa kujibu mawili kati ya hayo matatu, washa gari uondoke, na urefu wako huohuo.

Nawasilisha. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, ila aje na namba.