Mali Bila Daftari

Ni mitaa michache ya pwani yetu isiyokuwa na mwarobaini. Asili ya mti huu ni Bara Hindi, lakini umekwisha kuwa mwenyeji hata ukapewa jina la Kiswahili, kwa imani kwamba hutibu maradhi arobaini. Bibi zetu wamechemsha majani yake kwa ajili ya homa na kuyatia ghalani kuzuia wadudu, wala hawakumwomba mtu ruhusa. Basi mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya, iliyoko Munich, iliwapa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza juu ya njia ya kuzuia ukungu wa mimea kwa mafuta ya mti huo huo.

Wahindi walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Walakini hasira pekee haikuwapa ushindi. Mwaka 1995 wao na wenzao wa Ulaya walipeleka pingamizi rasmi, wakaleta mashahidi na vielelezo vya kuonyesha kwamba jambo lile lilikuwa likitendeka kwao kabla ya ombi la hataza. Mwaka 2000 hataza ikafutwa. Rufaa nayo ikatupwa mwaka 2005. Miaka kumi ilipita kwa ajili ya kuthibitisha jambo ambalo mkulima wa India angelieleza kwa dakika moja.

Habari ya manjano inatugusa zaidi. Mwaka 1995 chuo kikuu kimoja cha Marekani kilipewa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda. Sheria ya Marekani ya wakati ule, ambayo haikubadilishwa hadi mwaka 2011, ilisema kwamba ujuzi wa nchi za nje hauhesabiwi isipokuwa umepigwa chapa au umepewa hataza. Kutumiwa tu na mamilioni ya watu hakukutosha. Taasisi ya utafiti ya serikali ya India ikafukua maandishi ya kale ya Kisanskriti, pamoja na makala ya mwaka 1953 katika jarida la madaktari wa India, na mwaka 1997 hataza ikabatilishwa.

Sasa tuulizane wenyewe kwa wenyewe. Lau ingekuwa dawa ya kidonda ya Mzigua, au namna ya Mmakonde ya kuhifadhi mbegu, tungepeleka maandishi gani? Tungempeleka mzee mwenyewe, naye pengine amekwisha kufa. Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tumeifanya methali hiyo kuwa ya wenye maduka peke yao.

Wapo ndugu zetu wasemao kwamba elimu haina mwenyewe, na kwamba kusajili uvumbuzi ni tamaa ya kibepari isiyopatana na utamaduni wa Mwafrika. Maneno haya ni matamu, na anayeyafurahia kuliko wote ni yule mgeni aliyekwisha kusajili. Tena hayana ukweli wa historia. Lini mganga wetu aligawa dawa zake sokoni? Fundi wa jahazi alimfundisha mwanawe au mwanagenzi wake, basi. Tulikuwa na umiliki, ila umiliki wetu ulikuwa wa siri, na siri huzikwa pamoja na mwenyewe.

Hataza ni kinyume cha siri, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ni mapatano baina ya mvumbuzi na jamii. Mvumbuzi aeleza kazi yake waziwazi, hata fundi mwenzake aweze kuitenda. Jamii nayo inawakataza wengine kuitengeneza au kuiuza bila idhini yake kwa muda maalumu, ambao katika nchi nyingi ni miaka 20 tangu ombi lilipopelekwa. Muda ukiisha, ni mali ya wote. Tena hataza haina nguvu nje ya nchi ilikosajiliwa. Kwa hiyo michoro ya mashine nyingi mno iko wazi kwa fundi wetu kuitumia bila kumlipa mtu senti, ama kwa kuwa muda umekwisha, ama kwa kuwa mwenyewe hakuisajili hapa. Nani amewaambia vijana wa shule zetu za ufundi habari hii?

Haifai pia kuchanganya mambo. Wakenya walipopinga mwaka 2007 ombi la kampuni moja ya Uingereza iliyotaka neno "kikoy" liwe lake, ugomvi ule ulikuwa wa alama ya biashara. Shairi lina hakimiliki. Sisi watunzi twaijua hiyo, ingawa haijatutajirisha. Hataza ni ya kitu au njia ambayo ni mpya, isiyo dhahiri kwa fundi wa kazi hiyo, na inayoweza kutumika katika viwanda au kilimo.

Neno "mpya" ndilo lenye mtego. Ujuzi wa kale si mpya, kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kuupatia hataza. Lakini ili mlango huo ufungwe hapana budi ujuzi uandikwe mahali ambapo mkaguzi wa maombi atauona. India ilianza kujenga hazina ya namna hiyo mwaka 2001, na wakaguzi wa nchi nyingine huisoma kwa mapatano ya kutoitangaza. Mei 2024 mataifa yalikubaliana huko Geneva juu ya mkataba wa kumtaka mwombaji ataje asili ya mimea na ujuzi wa jadi aliotumia. Ni jambo jema, ila mwizi hataji asili ya mali ambayo hakuna awezaye kumsuta kwayo.

Uvumbuzi wa leo wahitaji mwenendo wa kinyume. Huo haufai kutangazwa kabla ya ombi kuwasilishwa. Nchi nyingine humpa mvumbuzi muhula mfupi wa msamaha, lakini Ulaya hazina huruma hiyo isipokuwa kwa mambo machache sana. Nasi twafanya nini? Kijana akibuni mashine ya kukamua alizeti, kesho yake tunampeleka kwenye maonyesho, tunampiga picha, tunamwomba aifungue watu waone ndani, kisha tunampa cheti. Tumemvua nguo hadharani na kumpigia makofi.

Sheria tunayo. Zamani za ukoloni hataza iliyosajiliwa Tanganyika ilikuwa kwanza ipatikane Uingereza. Sheria ya mwaka 1987 iliukata mnyororo huo. Leo ombi la Bara hupokewa na BRELA, Zanzibar ina sheria na ofisi yake, na kwa njia ya ARIPO, yenye makao Harare, ombi moja laweza kutaja nchi kadhaa za Afrika. Mwenye kuomba hapa ana miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine zilizomo katika Mkataba wa Paris bila kupoteza tarehe yake ya kwanza.

Ndugu walimu, kabla ya maonyesho yajayo mpeni kila mwanafunzi wa karakana daftari lenye kurasa zilizoshonwa. Achore humo kazi yake, aandike tarehe, atie sahihi, nanyi mtie zenu chini yake. Daftari hilo pekee halimpi haki ya hataza, ila atakapokwenda kuandika madai yake atakuwa na la kusema. Na siku za likizo mtumeni na daftari la pili kwa babu yake.