Mtembea kwa Miguu Naye Apite Wapi?

Naomba unikopeshe dakika chache, maana nina dukuduku ambalo nimelibeba tangu siku tulipofungua shule mwezi wa Januari, pamoja na sanduku langu la bati.

Mimi kwetu ni Kibwezi, kule Makueni, na shule yetu, kama ujuavyo, iko hapa Kitui. Nilipokuwa darasa la tatu tulikuja Kitui kumwona susu, yaani nyanya yangu, kwa njia ya Ikutha na Mutomo. Lo! Ilikuwa safari ya vumbi na mashimo, tukafika tukiwa wekundu kama matofali. Leo barabara hiyo ni lami tupu. Serikali kuu iliijenga kwa mkopo wa Benki ya Exim ya Uchina, na gari huteleza kama nyoka nyasini. Hapo naipigia serikali makofi bila kinyongo.

Taabu yangu huanza safari inapokwisha. Siku hiyo nilishuka stejini mjini, nikajitwika sanduku, nikashika njia ya shule. Kando ya lami palikuwa na lori limeegeshwa, mbele yake mama muuza maembe, na kando yao mtaro ulio wazi. Ikanibidi nikanyage lami. Mara pu! Boda boda ikaligonga sanduku, nami nikaangukia goti. Vitabu, sabuni na ule unga wa uji alionifungia mama vikatapakaa barabarani. Kijana wa boda aliteremka akitetemeka kuniliko. Nilipomfokea alinijibu kwa upole, "Pole sista, lakini nami ningepitia wapi?"

Ndugu msomaji, nilikosa jibu. Kidonda cha goti kimepona, lakini swali lile halijapona.

Wengi wetu hudhani ati wenye magari ndio walipao barabara, na sisi wa miguu tunapita bure. Si kweli hata chembe. Kwa sheria ya mwaka 1993, kila lita ya petroli na dizeli hutozwa ushuru wa kutunza barabara. Julai 2024 ushuru huo ulipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25. Nilimwuliza jirani yetu mwenye boda boda akaniambia yeye huchoma lita 3 kwa siku. Haya, mwalimu wa Hesabu atanisahihisha: hiyo ni Sh75 kwa siku, Sh450 kwa siku 6 za wiki, na Sh23,400 kwa mwaka. Je, yeye huzitoa wapi? Kwa abiria! Susu akienda kliniki analipa. Mama anayepeleka gunia lake soko la Kalundu analipa. Hata asiyepanda chochote analipa, kwa sababu kabeji na unga anaonunua dukani uliletwa na gari.

Fedha hizo hugawanywa na Bodi ya Barabara kule Nairobi. Fungu kubwa huenda kwa KeNHA, wenye barabara kuu, kisha KeRRA wa mashambani na KURA wa mijini. Kaunti nazo zinadai chao, na mwaka 2024 na 2025 wabunge na magavana walivutana hadi mahakamani juu ya Sh10.5 bilioni. Isitoshe, mwaka 2025 Sh7 katika zile 25 ziliwekwa rehani ili kulipa madeni ya wanakandarasi. Nimetafuta katika mgao huo fungu la mwenye sanduku kichwani. Sijaliona.

Ukisoma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 utaona ugumu ulipo. Barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma ni kazi ya kaunti. Basi barabara kuu inapoingia mjini, lami ni ya huyu, taa ni ya yule, na mtembea kwa miguu ni mwana wa kambo kwa wote wawili. Nenda Emali au Mtito Andei jioni ujionee watoto wanavyovuka kati ya matrela.

Si kwamba wakubwa hawajui. Sera ya taifa ya uchukuzi, Waraka wa Bunge Nambari 2 wa 2012, inawatambua waendao kwa miguu, baisikeli na mikokoteni. Lakini sera isiyo na fedha ni kama ratiba ya chakula iliyobandikwa ukutani siku ambayo jikoni hakuna kuni.

Sasa sikiliza maoni yangu. Kuanzia mwaka 2017, serikali ilikuwa na mpango wa kusaidia miji, uitwao KUSP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Ulihusu kaunti 45, zote isipokuwa Nairobi na Mombasa. Mji haukupata senti mpaka uwe na hati ya manispaa, bodi na mpango wa maendeleo. Kaunti zilizokuwa zikijivuta tangu sheria ya miji ya 2011 zikaanza kukimbia! Kitui na Wote zikapata bodi zao. Kwa hivyo serikali inajua vizuri namna ya kuelekeza kwa mfuko. Naiomba ifunge kamba hiyo hiyo kwenye ushuru wa mafuta. Asipewe mtu hata shilingi ya barabara ipitayo mjini kama mchoro wake hauna njia ya miguu, mtaro uliofunikwa, kivuko karibu na shule na mahali pa boda boda kuegesha.

Katika mdahalo wetu mwenzangu mmoja alinicheka. Alisema Ukambani tunataka maji, njia za miguu ni anasa ya Nairobi. Nami namwuliza, hao wanaosukuma mikokoteni ya mitungi ya maji mjini wanapita wapi? Tena njia ikijengwa pamoja na barabara ni rahisi kuliko kurudi baadaye kufukua. Nairobi yenyewe imeundiwa mamlaka ya usafiri, NAMATA, mwaka 2017, lakini mipaka yake huku kwetu inaishia Machakos. Nairobi pia ilipata barabara ya juu ya kilomita 27 iliyofunguliwa 2022, ya kulipia. Matatu nyingi za Makueni huisalimu kwa chini, zikiwa kwenye msongamano.

Wako pia wanaotaka boda boda zifukuzwe mjini. Mimi niliyegongwa sikubali. Kijana yule anatafuta riziki, na ndiye aliyeniokotea vitabu vyangu kimoja kimoja.

Wiki ijayo tunafunga shule. Nitajitwika tena lile sanduku, ambalo sasa lina bonde ubavuni, mpaka stejini. Nimekubaliana na wenzangu wawili wa Kibwezi kwamba tutatembea kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, na wa mwisho kazi yake ni kugeuka kila mara kuangalia boda.