Mafuta ya Kikaangoni Yasiishie Mfongoni

Juma hili tungependa kutafakari pamoja nanyi jambo lionekanalo dogo: mafuta yaliyokwisha kukaangia. Kila jioni mjini Moshi, na katika hoteli za Marangu na Machame zipokeazo wapanda mlima, hukaangwa viazi, samaki na maandazi. Mafuta yakichakaa, ama humwagwa mtaroni au mfongoni, ama hurudishwa kikaangoni hadi yawe meusi, ama huuzwa kwa mkaangaji aliye fukara zaidi. Hasara humwangukia mlaji, au mkulima wa chini anayeyapokea maji yale.

Ipo njia ya nne. Mafuta hayo yakichujwa makombo na kuondolewa maji, yaweza kuchanganywa na mafuta ya petroli ndani ya mtambo uleule wa kuyasafishia. Humo, kwa joto kali, mgandamizo na gesi ya hidrojeni, oksijeni huondolewa, na kinachobaki hufanana na dizeli ya kawaida. Mwaka 2018 viwango vya kimataifa viliruhusu hata mafuta ya ndege yatengenezwe hivyo, sehemu ya mafuta ya kupikia isizidi asilimia 5. Kampuni ya Eni ya Italia ilikwenda mbali zaidi, ikaigeuza kabisa mitambo yake ya Venice mwaka 2014 na Gela mwaka 2019. Mwaka 2022 ilianza kusafirisha mafuta ya mimea kutoka Kenya hadi Gela, na ikaanzisha mpango wa kukusanya mafuta machakavu katika hoteli na migahawa ya Nairobi.

Wapo watakaosema kwamba sisi hatuna mtambo. Ni kweli: ule wa Mombasa uliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na TIPER ya Kigamboni imebaki kuwa maghala. Lakini kwa maoni yetu, swali la kwanza si mtambo, bali bei. Mama akaangaye chipsi hayarudii mafuta kwa ukaidi; mapya ni ghali, kwa kuwa nchi yetu huagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula kutoka nje. Akiambiwa ayatoe bure ili ndege ziruke, atayabakiza kikaangoni, nasi hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Akilipwa walau sehemu ya gharama ya mapya, kikaango kitatakata, na mfongo pia.

Tena bei hiyo isimamiwe. Ikipanda mno, mwenye tamaa atauza mafuta mapya kwa jina la machakavu. Huko Ulaya shaka ya namna hiyo imekwisha kuzuka juu ya mafuta ya mawese. Kinachofaa kuliwa kisichomwe injini ilhali jirani hana cha kukaangia.

Tuulizane basi, majumbani na jumuiyani: mafuta ya jana yamekwenda wapi?