Sauna ya mawe au ya infraredi? Kaka, ngoja kwanza!

Wiki hii tuingie kwenye joto kidogo. Si joto la daladala saa kumi na moja jioni, hilo tumeshalizoea. Nazungumzia joto la kulipia, yaani sauna.

Kisa chenyewe kimeanzia Mbezi, kwa kaka yangu. Kaniruhusu nikiandike, mradi jina lisitoke. Bwana huyu mambo yake si mabaya, kajenga, na nyuma ya nyumba ana stoo imekaa bure. Kila akitoka kazini anapitia jimu, na huko anaingia sauna siku nne hadi tano kwa wiki. Anasema bila kutoka jasho hapati usingizi. Sasa kachoka kulipia, anataka stoo igeuzwe sauna. Yeye anataka ya mawe, shemeji anataka ya infraredi. Jumapili nimekwenda zangu kula pilau, nikakuta kasheshe.

"Shem, wewe si unaandika magazetini? Mwambie kaka yako hiyo ya mawe itatufilisi," shemeji akanianza hata sijanawa mikono.

"Dogo, usimsikilize," kaka akadakia. "Hiyo anayotaka yeye si sauna, ni taa za kulelea vifaranga!"

Mimi nimeishia Form Four, lakini kusoma najua. Nikaomba wiki moja nikachimbe.

Tuanze na ya kaka. Neno sauna lenyewe ni la Wafini, watu wa Ufini kule Ulaya ya kaskazini. Wako kama milioni 5 na nusu tu, lakini sauna zao zinakadiriwa kufika milioni 3. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huo kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu. Sauna yao ni chumba cha mbao chenye jiko, na juu ya jiko kuna mawe. Hewa ya chumbani inafika nyuzi 70 hadi 100. Ukimwagia mawe maji kata moja, mvuke unapanda na kukupiga usoni. Mvuke huo wanauita löyly, na Mfini atakwambia bila huo hakuna sauna.

Ya shemeji haina mawe wala maji. Ni kibanda chenye paneli zinazotoa miali ambayo jicho haliioni. Kama hujaelewa, kumbuka jiko la mkaa usiku wa baridi kule Njombe. Uso unaungua, mgongo bado unatetemeka. Ndiyo infraredi hiyo, joto linakurukia mwenyewe bila kungoja hewa ichemke. Kwa hiyo kibandani ni nyuzi 45 hadi 60 tu, na jasho linatoka vilevile. Taa za vifaranga nazo ni kazi hiyohiyo, kwa hiyo kaka hakukosea sana!

Sasa tuje kwenye mshiko, maana hapa Bongo ndipo penye ubishi. Jiko la umeme la sauna ya mawe hukadiriwa kilowati 1 kwa kila mita 1 ya ujazo wa chumba. Stoo ya kaka ukiipima unapata kama mita 6 za ujazo, kwa hiyo jiko ni la kilowati 6. Kulipasha moto ni nusu saa hadi saa nzima. Ongeza muda wa kukaa, iwe saa moja na nusu, hapo linaweza kula hadi uniti 9 za LUKU. Mara tatu kwa wiki, kwa wiki nne, ni uniti 108. Wewe unayefaidi ile bei nafuu ya mwisho uniti 75 kwa mwezi, sauna peke yake inakutoa nje.

Kibanda cha infraredi cha kilowati 2 kinakuwa tayari kwa dakika 10 hadi 20. Kwa dakika 45 kinakula uniti 1 na nusu, kwa mwezi ni 18. Pia kinaweza kutumia soketi ya kawaida, maana soketi ya ampia 13 inabeba kama kilowati 3. Lile jiko la kilowati 6 linataka waya wake kutoka kwenye meni swichi, na fundi anayejua kazi. Ukichomeka kienyeji utasauna nyumba nzima. Halafu stoo itataka mbao ukutani, njia ya maji na tundu la hewa. Na ukiwa mpangaji, kibanda utahama nacho, lakini mawe na mbao utamwachia baba mwenye nyumba.

Shemeji aliposikia hesabu alipiga vigelegele. Nikamwambia ngoja, afya bado.

Huko Kuopio, Ufini, watafiti waliwafuatilia wanaume 2,315 kwa miaka kama 20, wakatoa matokeo mwaka 2015. Walioingia sauna mara 4 hadi 7 kwa wiki walikufa kidogo zaidi kwa moyo kusimama ghafla kuliko walioingia mara moja. Lakini hiyo ni sauna ya mawe, na watu wenyewe wameizoea tangu utotoni. Wanaouza infraredi wanapenda kuazima sifa hizo kama shati la harusi. Infraredi nayo ina yake. Wajapani wameitumia kwa wagonjwa wa moyo, nyuzi 60 kwa dakika 15, ila daktari akiwa pembeni.

Kitambi je? Washkaji, msidanganyike. Kilo moja inayopungua mle ndani ni maji. Ukinywa maji yako ukatulia, kilo inarudi nyumbani kama haijawahi kutoka.

Na ubishi acheni. Mwaka 2010 mjini Heinola, Ufini hukohuko, palikuwa na mashindano ya dunia ya kukaa saunani, joto nyuzi 110. Fainali ilipofika dakika ya sita Mrusi mmoja, Vladimir Ladyzhensky, alianguka, akafa. Mashindano yakafutwa. Kwa hiyo dakika 15 zinatosha, kunywa maji, na ukipiga bia usikanyage. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au mimba amuone daktari kwanza.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe bado, maana kuna jambo la pilau ile sijawaambia.

Tukiwa mezani alikuwepo shangazi yetu kutoka Tanga. Kaka na shemeji wana miaka mitatu ya ndoa, mtoto hawajapata. Shangazi akaona chakula hakishuki bila kusema: "Mnagombania chumba cha jasho, chumba cha mtoto kiko wapi? Mwanamke tumbo liko bapa kama sinia." Shemeji akainuka, akaenda jikoni, hakurudi. Kaka akaangalia sahani yake.

Sasa katika kuchimba kwangu nikakutana na utafiti wa Italia wa mwaka 2013. Wanaume 10 wenye afya waliingia sauna mara 2 kwa wiki, dakika 15, kwa miezi 3. Mbegu zao zilipungua, na zilizobaki zikawa goigoi. Walipoacha, baada ya miezi 6 zikarudi sawa. Mungu aliziweka korodani nje ya mwili kwa sababu hazitaki joto. Hao ni mara 2 tu, kaka yangu ni 4 hadi 5!

Nilimfuata kazini nikamweleza. Akawaka. "Yaani dogo unataka kusema mimi ndiye tatizo?" Nikamwambia sijui, wala shangazi hajui, na ndiyo maana kuna hospitali. Ila miaka yote mitatu aliyetundikwa mabango ni mmoja, na aliyepimwa hakuna.

Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akanipigia simu, wamekwenda wote wawili. Majibu ni ya kwao, hayaingii gazetini. Ila sauna ya jimu kasimamisha, na shangazi kaambiwa na kaka mwenyewe, si shemeji, kwamba maneno yale yasirudiwe.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Una nyumba yako, familia kubwa na LUKU haikutishi, chukua ya mawe, ndiyo sauna yenyewe. Umepanga, au unaoga jasho peke yako, infraredi inatosha. Mnatafuta mtoto? Baba, usichague yoyote kwanza. Joto la Dar linakutosha.

Stoo pale Mbezi bado ni stoo. Shemeji kaanza kuifagia. Nikamuuliza ni ya mawe au ya infraredi, akacheka tu.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.