Salama kula siyo salama kuvuta!

Najua wengi mnahesabu siku za boom na wengine UE imewakaba koo, lakini leo nina jambo limenikaa rohoni na lazima nilitoe. Ni hizi vepu zilizojaa mahosteli. Sizungumzii nikotini, hiyo imeshasemwa sana. Nazungumzia kitu ambacho hakuna anayekiuliza: kile kidomo, kile kipande unachobana kwa midomo na kuvutia mvuke. Kimetengenezwa kwa kitu gani?

Muulize muuzaji. Atakujibu kwa kujiamini kabisa, "Usiwe na wasi, hiyo plastiki ya chakula, haina BPA." Mteja anaridhika, anatoa hela. Mimi nasema jibu hilo ni changa la macho! Siyo lazima liwe uongo. Inawezekana ni kweli tupu. Tatizo ni kwamba linajibu swali ambalo siyo letu. Plastiki ya chakula inapimwa kwa ajili ya sahani na chupa, yaani kwa vitu vinavyokwenda tumboni. Hivi jamani, nani anakula vepu?

Sisi tunaosomea kufundisha Kemia na Baiolojia hatuna kisingizio cha kulinyamazia hili. Kinachoingia tumboni kinakutana na asidi, halafu ini linakishughulikia kabla hakijasambaa mwilini. Kinachoingia mapafuni kinakuta vifuko vya hewa vyenye ukuta mwembamba mno, na ng'ambo ya ukuta huo ni damu. Hakuna mlinzi getini.

Ushahidi upo, na umelipiwa kwa mapafu ya watu. Kuna kemikali inaitwa diasetili, inatia ladha ya siagi. Imeruhusiwa kwenye vyakula miaka mingi, unakula na hupati shida. Mwaka 2000 huko Missouri, Marekani, ikagundulika kwamba watu wanane waliowahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha bisi wamepata ugonjwa mbaya wa mapafu, vijia vyao vya hewa vimeziba kwa makovu. Hawakuila ile ladha, waliivuta ikiwa mvuke. Kitu kilekile, mlango tofauti, matokeo tofauti!

Haya turudi kwenye vidomo. Ile plastiki ngumu inayong'aa, polikaboneti, inatengenezwa kwa BPA. Umoja wa Ulaya waliipiga marufuku BPA kwenye chupa za watoto mwaka 2011, Marekani wakafuata 2012. Viwanda vikakimbilia kuandika "haina BPA", na mara nyingi wakaweka BPS, ambayo ni ndugu yake wa damu. Halafu waulizeni watumiaji wa zamani wa huko nje: walishaona vitenki vya plastiki vikipata nyufa kwa sababu ya vimiminika vya ladha ya mdalasini au ndimu. Kimiminika kinachopasua plastiki ndicho unachokipasha moto na kukivuta kupitia plastiki. Fikiria mwenyewe.

Ukisema bora cha chuma, nitakuuliza chuma gani? Ile shaba ya njano ya makoki ya bomba huwa inachanganywa na risasi ili iwe rahisi kuchonga, na kanuni za Ulaya za vifaa vya umeme zimeruhusu hadi asilimia 4. Mwaka 2018 watafiti wa Johns Hopkins walipima vifaa vya watumiaji 56 wakakuta risasi, kromiamu na nikeli kwenye mvuke. Pale mtuhumiwa mkubwa alikuwa waya wa moto, siyo kidomo, nalisema wazi. Lakini mwaka 2025 wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipima vepu za kutumia na kutupa, wakakuta baadhi zina vipande vya shaba yenye risasi, na risasi hiyo ilikuwa inaingia kwenye kimiminika. Kwa hiyo siyo waya tu. Kila kipande ambacho mvuke au kimiminika kinakigusa kina kesi ya kujibu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba swali sahihi lina kipimo chake tayari! Tangu 2017 kuna kiwango cha kimataifa, ISO 18562, kwa vifaa vya tiba ambavyo mgonjwa anapumulia, kama barakoa na mirija ya mashine za kupumulia. Wanapima chembechembe, wanapima gesi zinazotoka kwenye plastiki, wanapima kinachoyeyukia kwenye unyevu. Yaani dunia inajua kupima. Ila kipimo hicho ni cha hospitali, kijana wa hosteli anabaki na maneno ya muuzaji.

Najua kuna watakaosema, "Si bora kuliko sigara?" Bwana, kuwa afadhali kuliko sigara siyo sifa, sigara ni kipimo cha chini mno. Na sisemi kila kidomo ni sumu. Kioo cha maabara ni kitulivu, na chuma kisichoshika kutu cha daraja zuri kina nafuu. Ninachosema ni kwamba hauambiwi umepewa kipi.

Wenzetu Uganda walikata mzizi kwa sheria ya 2015, biashara ya vepu ikapigwa marufuku. Sisi kama tunaziacha dukani, basi mwagizaji aandike kidomo ni cha nini, waya ni wa nini, na TBS waoneshe kwamba vimepimwa kwa kuvutwa siyo kwa kuliwa. Asiyeweza kuandika asiuze. Na wewe ndugu yangu, asiyeweza kukujibu usimpe hela ya boom.

Karibuni tunakwenda TP. Tutakutana na watoto wa kidato cha pili wenye vepu zinazofanana na kalamu za rangi. Wakituuliza "Mwalimu, hii ina nini?", tutawaambia ni ya chakula?

Mnasemaje wadau? Ngoja nikamalizie asaimenti. Alamsiki.