Mfuko wa Mbolea Hauwezi Kulipia Moshi

Kila mwaka wenzetu wa kilimo wanarudi kutoka fildi na hadithi ileile: wakulima wanasema ardhi imechoka. Na jibu tunalo tayari, ongeza mfuko. Tangu ruzuku ya mbolea irudi msimu wa 2022/23, jibu hilo limekuwa rahisi zaidi. Mimi nasema ni nusu ya jibu, tena nusu ndogo.

Tusidanganyane jamani, udongo si ndoo ya kumiminia NPK. Kijiko kimoja cha chai cha udongo wenye afya kinaweza kubeba bakteria hadi bilioni moja, na hao ndio wanaoozesha masalia yakawa chakula cha mmea. Wapo kuvu wanaoshikana na mizizi ya mahindi na kuiletea fosforasi ambayo yenyewe isingeifikia. Ng'oa mche wa maharage, pasua kinundu kwenye mzizi. Ukikuta rangi ya pinki ndani, bakteria wako kazini, wanakamata naitrojeni ya hewani bila kusubiri ruzuku ya mtu.

Sasa tunawatendeaje? Mavuno yakiisha, kiberiti. Moto unarusha naitrojeni na salfa hewani, unabakiza majivu. Majivu yana potashi, ndiyo maana mahindi yanaanza vizuri na mkulima anaona amefanya la maana. Lakini chakula cha wale viumbe ndiyo kimeshaungua. Halafu mahindi juu ya mahindi, na urea mwaka hadi mwaka. Bakteria wakibadili amonia kuwa naitreti huacha tindikali, na pasipowekwa chokaa udongo unazidi kuwa mchachu.

Sisemi tuache mbolea za viwandani. Wanaosema hivyo wengi hawajawahi kutegemea gunia la shambani ili wale. Mfuko uliowekwa vizuri unakuza mabua mengi, na mabua yakibaki ndiyo mlo wa udongo. Ukiyachoma, umenunua moshi.

Wamatengo wa Mbinga wanalijua hili muda mrefu kabla ya vyuo vikuu vyetu. Kwenye ngoro zao, nyasi hufyekwa, hupangwa kwa miraba juu ya mteremko, kisha hufunikwa kwa udongo unaochimbwa katikati. Shimo linazuia maji yasikimbie, nyasi zinaozea chini, maharage yanatangulia na mahindi yanafuata. Ni kazi ngumu, na sehemu kubwa ya jembe hushikwa na akina mama, kwa hiyo sitaki mtu aniambie tuipeleke kila mkoa. Ila nyasi hizo hufukiwa, hazichomwi.

Huku kwetu shamba la mafunzo huchomwa kila Oktoba, eti "pawe safi". Ombi langu kwa wanaohusika ni dogo: mwaka huu nusu ichomwe kama kawaida, nusu ibaki na mabua yake. Masika tupande maharage pande zote mbili, kisha twende na majembe tukahesabu vinundu.