Tamko la Wakulima wa Mwani kuhusu Joto la Bahari na Ahadi za Dunia

Sisi wanachama wa umoja wa wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki ya Unguja tunatoa tamko hili kwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa wanunuzi wa mwani, na kwa mataifa yaliyoridhia Mkataba wa Paris wa tabianchi wa mwaka 2015.

Kilimo chetu kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Wengi wetu ni wanawake. Mwani umetujengea nyumba na kutusomeshea watoto, na umetupa fedha ya mkononi ambayo hatukuhitaji kumwomba mtu.

Tulipanda aina mbili, kotonii na spinosamu. Kotonii ndiyo yenye bei, na ndiyo isiyostahimili joto. Kaskazi inapovuma na bamvua likakausha pwani, maji machache yanayobaki ndani ya mwamba huchemka kwa jua. Mwani hupauka, hulainika, hukatika kwenye taitai, yaani vikamba vinavyoufunga, na kuchukuliwa na mkondo. Sehemu nyingi kotonii imetoweka kabisa. Tumebaki na spinosamu, yenye kazi ileile na malipo haba.

Dawa inajulikana. Dkt. Flower Msuya na watafiti wenzake wamefanya kazi nasi miaka mingi, na wameonesha kuwa kotonii inaweza kupandwa kwenye kina kirefu, ndani ya nyavu za mirija. Lakini shamba la kina kirefu haliendewi kwa miguu. Linataka chombo, nanga, maboya na mtu anayejua kuogelea, na wengi wetu hatukufundishwa kuogelea utotoni. Tunasema wazi: mashamba yakihamia kilindini bila sisi kuwezeshwa, yatakuwa ya wenye vyombo, nao karibu wote ni wanaume. Joto litakuwa limewanyang'anya wanawake kazi waliyoijenga wenyewe.

Kwa hiyo tunaitaka Serikali ivikopeshe vikundi vya wanawake vyombo, iwalipie mafunzo ya kuogelea, na ilinde njia za kushukia pwani na viwanja vya kuanikia visimezwe na hoteli. Wanunuzi watangaze bei kabla ya msimu, si baada ya mwani kukauka.

Kwa mataifa tajiri: mwaka 2022, kwenye mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh, mlikubali mfuko wa hasara na uharibifu. Mwaka 2024, kwenye mkutano wa Baku, mliahidi dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035 kwa ajili ya tabianchi katika nchi zinazoendelea. Mwaka huohuo wa 2024 wastani wa joto la dunia ulivuka nyuzi 1.5 juu ya ule wa kabla ya viwanda. Moshi uliopasha bahari yetu haukutoka Jambiani. Hasara yetu ilipwe kama hasara, isigeuzwe mkopo, na kikundi cha kijijini kiweze kuomba fedha hizo kwa Kiswahili, bila dalali.

Tunataka majibu ya maandishi kabla ya kaskazi ijayo.

Imetolewa na Kamati ya Umoja kwa niaba ya wanachama wote.